Uliza Karani: Fundi hajalipwa, mulamwa amelima shamba la marehemu

Barua ni nyingi mwezi huu na nafasi ni ile ile, kwa hivyo zingine nimezijibu kwa mistari miwili tu, msinune. Kwa wale wageni, mimi ni yule mama aliyekaa kwa kaunta ya rejista ya korti miaka mingi akipiga muhuri faili za watu, saa hii nko nyumbani hapa Kisumu na kuku na wajukuu. Wakili siye, na kitu ikiwa kubwa nitakuambia tu wazi tafuta wakili. Lakini venye karatasi hutembea ndani ya korti, hiyo naijua.

Tuanze na aibu yangu.

*Mama Karani, mwezi uliopita ulimwambia mtu wa Bungoma ako na siku 30 za kukata rufaa. Sisi ndugu yetu alifungwa kwa kesi ya wizi, tukasoma hiyo tukatulia tukijua tuna mwezi mzima, kumbe tumefika rejista tunaambiwa tumechelewa. Umetuponza. – Msomaji, Webuye*

Pole, na ni kweli. Yule wa Bungoma kesi yake ilikuwa ya madai, ya pesa, na hiyo kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ni siku 30. Kesi ya jinai ni siku 14 tangu hukumu isomwe. Nilipaswa kuandika zote mbili na sikuandika. Sasa msikate tamaa, rudini rejista muombe kukata rufaa nje ya muda, sheria inaruhusu Mahakama Kuu kuipokea kama kuna sababu ya maana, kwa mfano mliomba nakala ya hukumu na hamkupewa mapema. Muandike siku mliyoomba hiyo nakala na mlipewa lini. Msiandike ati mlisoma kwa jarida, jaji atacheka halafu atupe.

*Salamu mama. Mimi ni fundi wa mbao Nyalenda. Nilimtengenezea jamaa mmoja kabati ya jikoni na vitanda viwili vya watoto, jumla elfu 118. Alinitumia elfu 50 ya kununua mbao kwa M-Pesa, nikamaliza kazi, akasema mlango mmoja haufungi vizuri nikaurekebisha, tangu hapo ni miezi minane hashiki simu yangu. Hatukuandikiana mkataba, ni kuongea tu WhatsApp. Askari mmoja ninayemjua ameniambia nimpe elfu tano ya mafuta amshike huyo jamaa Ijumaa alale ndani wikendi, Jumatatu atatoa pesa mwenyewe. Nikubali?*

Usikubali, tena usimpigie huyo askari simu tena. Hiyo elfu tano si mafuta, ni hongo, na ikienda vibaya wewe ndio utapanda kizimbani, jamaa anabaki nyumbani analala kwa vitanda vyako. Halafu deni si jinai. Mtu kukosa kukulipa kazi ni madai, na polisi hawakusanyi madai.

Mahali pako ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa 2016, ya kwanza ikafunguliwa Nairobi Aprili 2021, halafu zikaenea miji mingine, na Kisumu na Nakuru ziko. Pale unadai mpaka shilingi milioni 1, na wewe unadai elfu 68, kwa hivyo uko ndani kabisa. Kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60 tangu uifungue. Najua unasema hiyo ni ya kwa makaratasi, mimi pia nilisema hivyo mwanzoni kwa sababu nimeona faili za madai zikizeeka kwa shelfu mpaka panya wanazijua kwa namba. Lakini hawa wanasikiza siku kwa siku, hukumu inatoka hiyo siku ama ndani ya siku tatu, na wakili huhitaji. Sheria za ushahidi hazikazwi kama kule kwingine, kwa hivyo usiogope ati huna mkataba wa kupigwa muhuri. Mkataba hata wa mdomo ni mkataba kwa kazi kama yako, shida ni kuuonyesha tu.

Sasa hapo kwa kuonyesha ndio nataka ukae chini ufanye kazi. Meseji za M-Pesa usizifute, na kama umefuta omba statimenti ya ile siku alikutumia elfu 50, maana mtu hawezi kukutumia elfu 50 halafu aseme hakujui. WhatsApp toa picha za skrini zikionyesha namba yake na tarehe, kuanzia pale alisema anataka kabati ya saizi gani mpaka pale alilalamika mlango, wengine huficha hiyo ya malalamiko wakidhani inawaharibia, wewe iweke mbele, kwa sababu mtu anayelalamika mlango wa kabati amekubali kabati imefika. Picha za kazi ukiwa nazo weka. Risiti za mbao weka. Kijana aliyekusaidia kubeba hizo vitanda mpaka ndani ya nyumba, huyo ndio shahidi wako, mwambie mapema asije akasafiri.

Halafu mwandikie barua ya kudai, ukurasa mmoja, nakudai hivi, tulikubaliana hivi, nakupa siku 14, umtumie na ubaki na nakala. Watu huruka hii hatua kwa hasira. Usiruke, mara nyingine mtu akiona barua inataja korti analipa nusu wiki hiyo hiyo.

Kuna mama wa omena nilimsindikiza siku moja kwa madai madogo baada ya kustaafu, alikuwa anadai mwenye hoteli. Hakuwa na kitu isipokuwa kitabu cha kaunta, kile cha kurasa 96, kimekunjika na kunuka, magamba ya samaki yameshikana kwa karatasi. Mwenye hoteli akasema huyu mama simjui, mimi nanunua omena soko zote. Mwamuzi akakichukua kitabu akaanza kufungua polepole, ukurasa kwa ukurasa, anapangusa magamba na kidole, mpaka akafika siku moja ya mwezi wa tatu mwandiko umebadilika. Akauliza mama, hapa nani aliandika? Mama akasema hiyo siku nilikuwa na mikono ya maji, yeye mwenyewe ndio alijiandikia. Wee! Mwenye hoteli akaambiwa aandike jina lake kwa karatasi nyingine, ikawekwa kando ya kitabu, na hapo akaanza kusema sasa tunaweza kuelewana. Walielewana kweli, kwa awamu tatu, na makubaliano yakaandikwa yakawa amri ya korti.

Kwa hivyo hata huyo jamaa wako akitaka kulipa polepole kubali, lakini iandikwe pale pale. Ukishinda na asipolipa, kuna dalali wa korti mwenye leseni, anaandika mali kwanza halafu anatoa siku 7 kabla ya kubeba. Vitanda na malazi, nguo za kuvaa na sufuria za kupikia haziguswi, sheria imezilinda, kwa hivyo vile vitanda ulitengeneza vitabaki, cheka tu. Atachukua tivi. Na usikae sana, madai ya mkataba yanakufa baada ya miaka 6.

Kwa wengine mnaosoma hii na mnataka kukimbia huko kesho: kesi ya shamba hawachukui, ya matusi na kuharibiwa jina hawachukui, na ya kufutwa kazi hawachukui. Hiyo ya mwisho ina korti yake.

*Kesi yangu imetajwa mara saba na sijawahi kuongea hata neno. Nimechoka nauli. – Mtu wa Butere*

Kutajwa ni korti kuangalia faili imefika wapi, nani bado hajaleta karatasi gani. Kusikizwa ndio siku ya mashahidi. Ukitoka pale usitoke na neno "rudi tarehe fulani" peke yake, uliza karani ni ya kutajwa ama ni ya kusikizwa, na kama ni ya kutajwa uliza kama unaweza kuingia kwa simu, korti nyingi tangu ile korona ya 2020 wanatuma linki. Mara saba ni nyingi, simama hapo hapo siku ya nane useme mheshimiwa naomba tarehe ya kusikizwa. Hiyo sentensi moja tu. Nimeona ikifanya kazi kuliko wakili wa elfu thelathini.

*Habari ya huko mama. Mume wangu alikufa 2021, niko Shinyalu na watoto wanne. Shamba tunalokaa taito iko kwa jina la baba mkwe ambaye alikufa 1994, yeye alikuwa amewaonyesha vijana wake mipaka lakini hakuna mtu alienda kwa ofisi. Sasa mulamwa wangu mkubwa, kaka ya mume wangu, amelima mpaka karibu na kaburi la mume wangu, amepanda mahindi, na kuna upande ameuzia mtu amejenga choo. Kikao cha ukoo kilisema mwanamke hana shamba, niolewe ama nirudi kwetu. Chifu anasema maneno ya ukoo yeye haingilii. Nianzie wapi?*

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu. Nianze na hiyo ya kikao. Ukoo unaweza kukaa, unaweza kunywa chai, unaweza kusema ni mpaka gani mzee alionyesha na hiyo itasaidia korti, lakini kukunyang'anya hauwezi. Sheria ya mirathi ya Kenya ilianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 1981 na baba mkwe alikufa 1994, kwa hivyo mali yake iko chini ya hiyo sheria. Na mke wa mila ni mke, hata kama hamkuenda kanisani wala kwa DC, mkuu wa wilaya, mahari na jamii inayowajua inatosha kuonyesha.

Shida yako kubwa si mulamwa, ni ile taito ya mzee. Hapa magharibi hii ndio ugonjwa wetu, nyumba kumi zinakaa kwa shamba moja ambalo kwa serikali bado ni la mtu aliyelala kaburini miaka thelathini, kila mtu anajua mpaka wake ni ile miti ya mlusiola, halafu miti inakatwa. Kwa hivyo zinahitajika faili mbili. Ya kwanza ni ya mzee, ndio shamba litoke kwa jina lake ligawanywe kwa watoto wake. Ya pili ni ya mume wako, ndio sehemu yake ikija ije kwako na watoto, si kwa ndugu. Wewe unaingia kwa ile ya mzee ukisimama mahali pa marehemu, rejista watakuonyesha kibali kidogo cha kukuwezesha kusimama hivyo wakati ile kubwa inaendelea.

Karatasi ya kwanza kabisa ni barua ya chifu inayosema mzee alikufa akaacha watoto hawa na hawa. Hiyo barua si kuingilia ukoo, ni kazi yake, na ni ya bure. Mwambie hivyo kwa upole ukiwa na mtu wa pili amesimama. Akikataa, korti ina nguvu ya kumwita aje aeleze. Hakikisha barua imetaja wote, na nikisema wote namaanisha pia dada za mume wako, hata wale wameolewa Vihiga na Busia. Sheria haisemi mtoto wa kiume, inasema mtoto, na mzee akiwa hakuacha mjane, watoto wanagawana sawa. Hapa ndio mulamwa atanyamaza kidogo, kwa sababu yeye anahesabu watu watatu kumbe ni saba. Hizo shemeji zako za kike wapigie simu kabla hajawapigia. Mara nyingi ndio watakuwa upande wako, wanajua baridi ya kuambiwa huna kwenu.

Faili ikifunguliwa, tangazo linatoka kwa Gazeti la Serikali na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Kama hakuna pingamizi kibali cha kusimamia mali ya marehemu kinatoka, halafu miezi sita mbele kinathibitishwa na ndio ugawaji unafanyika. Ukisikia mtu anakuambia kibali chenyewe ndio taito, anakudanganya, mpaka kithibitishwe hakuna kuuza. Na ukisikia kesi imefunguliwa bila wewe kutajwa, enda upinge haraka, hata kibali kilichotoka kwa kuficha warithi kinaweza kufutwa.

Huyo aliyeuziwa akajenga choo, mulamwa alimuuzia kitu ambacho si chake. Kuuza ama kutumia vibaya mali ya marehemu bila kibali cha korti ni kosa la jinai, faini mpaka elfu 10 ama kifungo mpaka mwaka mmoja ama zote mbili. Faini ni ndogo, najua, bei ya mbuzi, lakini ile ya kuitwa kwa polisi huwa inapoza watu. Kitu cha kufanya wiki hii, kabla hata ya barua ya chifu, ni kwenda kwa ofisi ya ardhi Kakamega na namba ya hilo shamba, ufanye sachi ujue taito iko kwa jina la nani leo, na uweke kizuizi, ile wenyewe wanaita kosheni. Ikishaandikwa hapo hakuna mtu atahamisha shamba usiku bila wewe kuitwa.

Na piga picha za mahindi na ya choo. Simu ya mtoto inatosha. Picha ya kaburi na mahindi kando yake, hiyo pia.

*Mama nko Nakuru, boda boda. Nilishikwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni nimebeba abiria wawili, nikawekwa seli, nikaambiwa nitoe elfu tano nitoke, nikakosa. Nimelala huko mpaka Jumatatu. Kortini kuna jamaa kwa korido alisema kubali tu utapigwa faini ndogo uende kazi, nikakubali, nikapigwa elfu 10, familia ikachanga. Nimeambiwa Katiba inasema masaa 24. Naweza kushtaki?*

Kijana wangu, Ijumaa jioni ni siku yao, uliza dereva yeyote. Katiba ibara ya 49 inasema ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, ni kweli, lakini endelea kusoma mbele: masaa hayo yakiisha wakati korti imefungwa, ni mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Yako yaliisha Jumamosi jioni, kwa hivyo Jumatatu walikuwa ndani ya sheria. Hapo hauna kesi.

Mahali walikukosea ni kwingine. Mkuu wa kituo cha polisi ana nguvu ya kukuachilia kwa bondi, unaandika tu ama mtu anakusimamia na hakuna pesa inatoka, ama kwa dhamana ya pesa taslimu. Hiyo ya pesa inaandikiwa risiti na inarudishwa. Kama hiyo elfu tano walitaka bila risiti, hiyo haikuwa dhamana, hiyo ilikuwa bei. Na Katiba hiyo hiyo inasema kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, ama kifungo kisichozidi miezi 6, mtu hafai kuwekwa rimandi. Siku nyingine sema neno "risiti" kwa sauti mbele ya wengine. Malalamiko ya namna hiyo kuna mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, unapeleka bila kulipa, utaje siku na saa na kituo.

Sasa hiyo ya kukubali. Hii inaniuma kwa sababu nimeiona maelfu ya mara, na huyo jamaa wa korido yuko kila korti, sijui analipwa na nani, amevaa koti kubwa kuliko yeye. Ukikubali kosa umefunga mlango, rufaa inabaki ya adhabu peke yake, kama ilizidi ama haikuwa halali, na siku ni zile 14. Tangu kesi ya Adan ya 1973 inajulikana hakimu anatakiwa afanye nini: shtaka lisomwe kwa lugha unayoelewa, jibu lako liandikwe kama ulivyosema, halafu mwendesha mashtaka asome mambo yalivyokuwa, na uulizwe tena kama hayo ni kweli. Hiyo ya mwisho wengi hawaijui. Umesema "ni kweli", lakini akisoma ati ulibeba watu wanne na bila helmeti, unaweza kusema hapana si hivyo, na hapo korti inapaswa kuandika umekataa. Kama yako haikufuata hizo hatua, omba nakala ya mwenendo wa kesi uone, na kama siku 14 hazijaisha ingia rejista.

Kwa wenye faini na hawana pesa, kuomba muda wa kulipa si aibu. Unaweza pia kuomba huduma kwa jamii, sheria yake ni ya 1998 na ni kwa makosa yasiyozidi kifungo cha miaka 3. Kufagia soko wiki mbili ni afadhali kuliko mama yako kuuza ng'ombe.

*Mume wangu yuko mochari hapa Nakuru wiki ya pili. Tulinunua ploti hapa na aliniambia mara nyingi akifa tumzike hapa. Ndugu zake wamekuja kutoka Siaya wanasema Mjaluo hazikwi ugenini. Wamesema wataenda kortini. Nifanye nini?*

Pole sana mama. Mungu akushike.

Hii kesi yako ina babu yake na wote tunamjua. 1987, wakili S. M. Otieno, mjane wake Wambui alitaka amzike Upper Matasia, kule Ngong nje ya Nairobi, ukoo wa Umira Kager wakasema ni Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa zaidi ya miezi mitano, korti zikajaa, mpaka mwalimu wa falsafa Odera Oruka akaitwa kueleza mila, na mwisho Mahakama ya Rufaa ikawapa ukoo. Alizikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Mimi nilikuwa msichana, redio kwetu haikuzimwa. Hiyo hukumu ndio ndugu zake wanaishikilia.

Lakini miaka imepita. Sheria bado haisemi mwili ni mali ya mtu, na maneno ya marehemu korti inayasikia bila kufungwa nayo, ila siku hizi majaji wanaangalia sana nani alikuwa karibu naye, alikaa na nani, alimuuguza nani, na mke anapewa uzito ambao Wambui hakupewa. Kwa hivyo tafuta wakili leo, si kesho, na wewe ndio uwahi kuomba amri ya kuzuia mwili usitolewe. Beba cheti cha ndoa ama barua ya ndoa ya mila, karatasi za ploti, na kama aliwahi kumwambia pasta ama rafiki hayo maneno mlete huyo mtu. Bili ya mochari inapanda kila siku na hakuna korti itakulipia, kwa hivyo kama kuna shemeji mmoja mwenye akili kaa naye chini. Nimeona watu wakikubaliana azikwe nyumbani kwao na mjane ajengewe nyumba kabla ya mazishi. Nimeona pia ukoo ukiruhusu azikwe mjini. Inategemea nani aliongea kwanza bila kelele.

*Nilinunua ekari moja Molo 2023, tukaandikiana kwa kitabu mbele ya mzee wa mtaa, bodi ya ardhi hatukuenda. Mwenye shamba sasa anasema mkataba hauna nguvu.*

Shamba la kilimo linahitaji muombe kibali cha bodi ndani ya miezi 6 ya makubaliano, bila hiyo mkataba unakufa, labda korti iongeze muda. Pesa yako unaweza kudai irudi kama deni. Kuna watu walioingia kwa shamba wakajenga na Mahakama ya Rufaa ikawaokoa, na kuna wengine haikuwaokoa, kwa hivyo usimwage kokoto hapo kwanza. Mke wake aliweka sahihi? Kama wanaishi kwa hilo shamba na hakukubali, hiyo ni shimo la pili. Wakili, na haraka.

*Shahidi wetu ni nyanya wa miaka 80, anajua Kibukusu peke yake. Atakataliwa? – Kimilili*

Hapana. Korti za mahakimu zinatumia Kiingereza na Kiswahili, asiyejua hizo anatafsiriwa, na mshtakiwa hata Katiba inampa mkalimani bila malipo. Mwambieni karani asubuhi mapema kabla kesi haijaitwa ndio mkalimani atafutwe. Nyanya aongee vipande vifupi, asimame kidogo, amngoje mkalimani amalize. Na mpeni kiti kwa ile korido, na chai, kwa sababu wakisema saa tatu anaweza kuitwa saa saba.